Tafsiri, Mtandao na Suala la Matini Asilia

Mwaka 1986, jarida la Kifaransa L'Année sociologique lilichapisha makala ya Michel Callon yaliyohusu wavuvi, watafiti watatu na kombe wa baharini katika ghuba ya Saint-Brieuc, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Si makala ambayo mhakiki wa fasihi angeyaendea kwa hiari. Hayana riwaya ndani yake wala shairi. Yana kamba, nyavu, mikondo ya maji na hesabu za viluwiluwi. Hata hivyo anwani yake ilibeba neno ambalo wanafasihi wamelizoea na kulihesabu kuwa lao, yaani tafsiri. Callon alikusudia kuweka misingi ya kile alichokiita elimujamii ya tafsiri. Mkabala huo ulikuja kuenea duniani kwa jina jingine, nadharia ya mtandao wa watendaji, na neno tafsiri likabaki ndani yake bila kuulizwa lilikotoka.

Katika idara za lugha na fasihi, nadharia hii aghalabu hupokewa ikiwa imekwisha kukaushwa. Mwanafunzi wa uzamili hukariri hatua nne za Callon, akazipachika juu ya data yake moja baada ya nyingine, kana kwamba ni maelezo ya kupika chakula, kisha akahitimisha kwamba nadharia imethibitika. Kinachopotea ni historia ya dhana yenyewe. Tafsiri haikuzaliwa katika elimujamii. Ilitoka katika usomaji wa matini: falsafa iliyosoma michoro na riwaya, semiotiki ya masimulizi, na ufafanuzi wa maandiko matakatifu. Ilipohamia kwa wanaelimujamii ilipata uwezo mkubwa wa kueleza jinsi wachache wanavyopata kuwasemea wengi. Lakini iliacha nyuma swali moja ambalo mhakiki wa tafsiri hawezi kulikwepa: kile kilichotafsiriwa kiko wapi, na je, chaweza kusomwa tena kando ya tafsiri yake? Inadaiwa hapa kwamba swali hilo halijapitwa na wakati, na kwamba historia ya Kiswahili sanifu ni mahali pazuri pa kulijaribia.

Chimbuko la karibu la dhana hii ni Michel Serres (1930–2019), mwanafalsafa aliyefunzwa hisabati na aliyepitia chuo cha wanamaji kabla ya kuingia katika falsafa. Kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwaka 1980 Serres alitoa mfululizo wa vitabu vitano alivyovipa jina la Hermes, mungu wa Wayunani wa kale aliyekuwa mlinzi wa wajumbe, wa njia na wa wafanyabiashara, na papo hapo mlinzi wa wezi. Uteuzi wa jina hilo si pambo. Mjumbe wa Serres habebi ujumbe kama mtu abebaye mzigo uliofungwa. Anapopita, kitu huongezeka na kitu huibwa. Kitabu cha tatu katika mfululizo huo, kilichotoka mwaka 1974, kinaitwa La traduction, yaani Tafsiri.

Humo mna insha ambayo ingefaa kusomwa na kila mwanafunzi wa fasihi linganishi. Serres anamsoma mchoraji Mwingereza Turner kando ya Sadi Carnot, mhandisi Mfaransa ambaye mwaka 1824 alichapisha kitabu kidogo kuhusu nguvu zinazotokana na moto. Michoro ya wasanii waliomtangulia Turner, anasema Serres, ilikuwa bado katika ulimwengu wa mistari, matanga, farasi na wenzo. Turner anaingiza moto, mvuke na ukungu. Maumbo yanayeyuka, na joto na baridi vinachukua nafasi ya mistari. Kwa hiyo Turner anamtafsiri Carnot. Serres hatafuti ushahidi kwamba mchoraji alimsoma mhandisi, wala hadai kwamba sanaa ni kioo cha sayansi. Anachodai ni kwamba jambo moja linaweza kupita kutoka uwanja mmoja hadi mwingine na kugeuka umbo bila kupoteza muundo wake wote. Tafsiri kwake ni upitaji huo. Nao haukosi kelele: katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu kimelea, Serres anatumia bahati ya neno la Kifaransa ambalo humaanisha kupe wa mwili na pia mkoromo unaoingilia mawasiliano katika waya.

Mkondo wa pili ulitoka kwa Algirdas Julien Greimas, ambaye kitabu chake cha semantiki ya miundo cha mwaka 1966 kilileta dhana ya aktanti. Katika masimulizi, alieleza, kinachofanya kazi ya mhusika si lazima kiwe mtu. Pete ya uchawi, bahari, njaa au kiapo vyaweza kutenda, kupinga au kusaidia sawa na shujaa mwenyewe. Msikilizaji wa hadithi za kiasili hashangazwi na hili. Sungura na jiwe vimesema katika ngano tangu zamani. Lakini wanaelimujamii walipoichukua dhana hii na kuiingiza katika maelezo ya maabara na viwanda, ilizua kelele isiyokwisha, maana wapinzani walidhani wanaambiwa kwamba vitu vina nia na dhamiri. Kwa mwanasemiotiki, dai lilikuwa dogo zaidi na gumu zaidi: usiamue mapema ni nani anayetenda katika simulizi, fuata matini uone.

Mkondo wa tatu husahauliwa zaidi. Bruno Latour (1947–2022), ambaye jina lake ndilo lililojulikana kuliko yote katika kundi hili, alianza safari yake kama msomaji wa maandiko. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoitetea katika Chuo Kikuu cha Tours mwaka 1975, ilihusu ufafanuzi wa matini za Biblia juu ya ufufuo. Latour mwenyewe alieleza baadaye kwamba alijifunza kwa wafafanuzi hao jambo moja kubwa: mlolongo mrefu wa wasimulizi na wanakili waliolipitisha neno kwa kulibadilisha si lazima uwe ndio ulioliharibu, huenda ndio uliolihifadhi. Katika miaka hiyohiyo alikuwa Abidjan, Côte d'Ivoire, akitumikia nchi yake katika taasisi ya utafiti ya Kifaransa badala ya kwenda jeshini. Huko aliandika ripoti kuhusu sababu zilizotolewa za kutowapandisha Waafrika katika vyeo vya usimamizi viwandani. Wakurugenzi walisema Mwafrika hana uwezo; kijana mtafiti akaanza kuuliza uwezo huo hupimwa vipi, na nani, na kwa vyombo gani. Kutoka Abidjan alikwenda California, katika maabara ya Roger Guillemin kwenye Taasisi ya Salk, akawatazama wanasayansi kwa jicho lilelile. Kitabu alichoandika na Steve Woolgar mwaka 1979 kiliieleza maabara kama mahali pa kuandika: mashine hutoa michirizi, michirizi huwa jedwali, jedwali huwa makala. Ni uhakiki wa matini uliovaa koti jeupe.

Callon na Latour walikutana katika kituo cha elimujamii ya uvumbuzi kilichokuwa ndani ya chuo cha wahandisi wa migodi mjini Paris. Callon alikuwa mhandisi kwa mafunzo, naye alikuwa amekwisha kuichukua dhana ya tafsiri kwa Serres katikati ya miaka ya 1970. Ni yeye aliyeipeleka baharini.

Kisa chenyewe kinastahili kuelezwa kwa kirefu, maana nguvu ya dhana imo ndani ya kisa zaidi ya ufupisho wake. Wafaransa hupenda kula kombe, samakigamba ambaye wanabiolojia humwita Pecten maximus, hasa wakati wa Krismasi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 kombe walikuwa karibu kumalizika katika maji ya Brest, na wale wa Saint-Brieuc walikuwa wakipungua. Mwaka 1972 ulifanyika mkutano Brest uliowaleta pamoja wanasayansi na wawakilishi wa wavuvi. Watafiti watatu walikuwa wamerudi kutoka Japani, ambako waliona kombe wa aina nyingine wakikuzwa: viluwiluwi hujishikiza kwenye vifuko vilivyotundikwa majini, wakalindwa hadi wakomae, kisha wakatawanywa chini ya bahari. Swali likawa kama kombe wa Saint-Brieuc nao hujishikiza.

Hapo ndipo Callon anapoanza kuhesabu hatua zake. Kwanza, watafiti wanaliweka tatizo kwa namna inayowafafanua wote wanaohusika: kombe wanataka kuishi na kuzaana, wavuvi wanataka kipato cha kudumu, wanasayansi wenzao wanataka maarifa. Kila mmoja ana lengo lake, na kila mmoja hawezi kulifikia bila kupitia swali moja, la kujishikiza kwa viluwiluwi. Swali hilo linakuwa kivuko cha lazima, kama kile cha Likoni kilivyokuwa kwa miaka mingi kwa gari lililotoka kisiwani Mombasa kwenda pwani ya kusini: mwenye kwenda harusini na mwenye kwenda kilioni walipanda chombo kimoja. Pili, watafiti wanajiingiza kati ya kila mtendaji na vile vinavyoweza kumvuta kwingine. Vifuko vya nyavu vinawatenga viluwiluwi na mikondo na viti vya pweza wanaowala. Mikutano na michoro ya takwimu inawatenga wavuvi na tamaa ya kuvua leo bila kujali kesho. Tatu, kila mmoja anapewa nafasi na kuikubali, kwa majadiliano, kwa hila au kwa jaribio baada ya jaribio. Nne, wachache wanasimama kwa niaba ya wengi. Viluwiluwi wachache walionaswa wanahesabiwa kuwa wasemaji wa kombe wote. Wajumbe wachache wa chama wanahesabiwa kuwa wasemaji wa wavuvi wote. Na mwisho watafiti watatu wanawasemea wote hao katika kumbi za mikutano.

Kisha mambo yakaharibika. Katika miaka iliyofuata viluwiluwi hawakujishikiza tena kama ilivyotarajiwa. Na katika mkesha mmoja wa Krismasi wavuvi waliingia katika eneo lililohifadhiwa wakawavua kombe waliokuwa wakilindwa, wakawakana wajumbe waliokuwa wamekubali kwa niaba yao. Callon anaufunga uchanganuzi wake kwa kukumbusha ule msemo wa Kiitalia unaomwita mfasiri msaliti. Tafsiri, kwake, ni mizani isiyotulia kati ya kuwakilisha na kusaliti.

Msomaji aliyezoea uhakiki wa tafsiri atatambua hapa kitu kisicho cha kawaida. Katika kisa cha Saint-Brieuc hakuna matini asilia. Wavuvi hawasikiki wakisema wanataka nini kabla ya watafiti kuwaambia wanataka nini. Kwa mujibu wa nadharia hili si kosa, ni msimamo. Watendaji hawana sura kamili kabla ya kuingia mtandaoni, na maslahi yao hutengenezwa na tafsiri yenyewe. Basi hakuna kitu nje ya tafsiri ambacho mtu anaweza kukitumia kupima uaminifu wake. Kipimo pekee kilichobaki ni uasi. Tunajua wavuvi hawakuwa wamekubali kwa sababu siku moja walivua. Wasingevua, tafsiri ingehesabiwa kuwa imefaulu, na ukimya wao ungehesabiwa kuwa kibali.

Dhana ilipovuka kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza ilibadilika tena. Kifaransa kina maneno mawili: traduction kwa kazi ya mfasiri, na translation kwa mwendo wa umbo kutoka mahali hadi mahali katika jiometri. Kiingereza kinatumia neno moja kwa yote mawili. Katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu sayansi inavyotendeka, Latour aliitumia nafasi hiyo: kutafsiri maslahi ya watu ni kuyapa maana mpya na pia kuyasogeza, watu wajikute wamefika mahali ambapo hawakukusudia kwenda. Maana ya kijiometri, iliyokuwa pembeni katika Kifaransa, ikaingia katikati. Yamkini hapa ndipo dhana ilipoanza kuelemea upande wa mamlaka kuliko upande wa maana. Hata hivyo ilizaa matunda. Katika kazi yake ya mwaka 1984 juu ya Louis Pasteur, Latour alikataa maelezo kwamba chanjo ilienea Ufaransa kwa sababu ilikuwa kweli. Pasteur alilazimika kwanza kuyageuza matatizo ya mfugaji yawe matatizo ya maabara, kisha aligeuze shamba lenyewe lifanane kidogo na maabara, kama ilivyofanyika Pouilly-le-Fort mwaka 1881, ndipo chanjo ya kimeta iliposhinda mbele ya macho ya watu. Wazo halisambai kwa nguvu zake lenyewe kama harufu. Kila anayelipokea hulifanyia kitu, na bila yeye husimama.

Ukosoaji ulikuja mapema. Mwaka 1989 Susan Leigh Star na James Griesemer walichunguza jumba la makumbusho ya wanyama huko Berkeley, California, wakaonyesha kwamba kisa cha Callon kinasimuliwa kutoka mahali pamoja, kwenye meza ya mjasiriamali wa sayansi. Watega wanyama, wahifadhi, wasimamizi wa chuo na maprofesa walishirikiana bila mmoja wao kuwapitisha wengine katika kivuko chake. Kila kundi lilitafsiri, na kila kundi lilikuwa na kivuko chake. Miaka miwili baadaye Star alirudi na swali kali zaidi: mtandao uliotulia umetulia kwa nani? Mtandao mmoja huohuo huwabeba wengine na kuwatupa nje wengine, na gharama ya utulivu wake hulipwa na wale ambao haukutengenezewa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulichukua swali la Star kwa uzito. John Law, Mwingereza aliyehariri juzuu iliyowafikishia wasomaji wa Kiingereza makala ya Callon, aliandika mwaka huohuo wa 1986 kuhusu merikebu za Wareno na njia ya kwenda Bara Hindi. Alieleza jinsi Lisbon ilivyoweza kutenda kwa mbali kwa kuunganisha vyombo imara, mabaharia waliofunzwa, na majedwali ya nyota yaliyorahisishwa ili hata asiye mwanazuoni ayatumie. Ni uchanganuzi uliojaa maarifa. Lakini anayeutazama mtandao huo akiwa pwani ya Malindi, badala ya Lisbon, anaona sehemu nyingine yake. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa hapo, akafika Calicut tarehe 20 Mei. Sehemu hiyo ya safari ilitegemea elimu ya pepo na nyota iliyokuwa na wenyewe karne nyingi kabla. Rubani huyo ni mtafsiri kwa kila maana ya neno: aliigeuza bahari iliyojulikana kwa wengine iwe njia ya Mreno. Wasomi wangali wanabishana hata kuhusu jina lake.

Kiswahili chenyewe kina la kusema katika mjadala huu kwa njia ya msamiati wake. Neno tafsiri limetoka Kiarabu, ambako humaanisha ufafanuzi, hasa wa Kurani. Kazi ya kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine Waarabu huiita tarjama. Kiswahili kilipokea maneno yote mawili, kikaliacha tarjuma pembeni kidogo, na kukipa tafsiri kazi mbili: kufafanua na kuhamisha. Wapo wanaopendekeza kwamba dhana ya Callon iitwe uhawilishaji, ili isichanganywe na kazi ya mfasiri wa vitabu. Pendekezo hilo lina usafi wake, lakini linaikata dhana kutoka kwenye mzizi wake. Latour alianzia katika ufafanuzi wa maandiko. Ni nadra lugha ipokeayo ikawa na neno linaloikumbuka asili ya dhana kuliko lugha iliyoitoa, na hapa Kiswahili kinalo. Isitoshe, katika pwani hii tafsiri haijawahi kuwa suala la maneno matupu. Kurani ilipotolewa kwa Kiswahili na mmishonari Godfrey Dale mwaka 1923, kisha na Jumuiya ya Ahmadiyya mwaka 1953, kisha kwa ukamilifu na Sheikh Abdallah Saleh Farsy mwaka 1969, kilichobishaniwa ni nani ana haki ya kufasiri, kwa elimu ipi na kwa niaba ya nani. Na kila mara palikuwa na matini ya Kiarabu ya kurejelewa.

Usanifishaji wa Kiswahili unaweza kuelezwa kwa istilahi za Callon bila kulazimishwa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kuiandika lugha aliyoisikia huko. Edward Steere alifanya kazi yake Unguja, na kitabu chake cha mwongozo wa lugha kama inavyosemwa Unguja kikatoka mwaka 1870. Wamishonari wa upande mmoja waliegemea Kimvita, wa upande mwingine Kiunguja. Tawala za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar zilipoanza katika miaka ya 1920 kutafuta vitabu vya shule, tatizo liliwekwa hivi: watoto wanahitaji vitabu, vitabu vinahitaji gharama nafuu, unafuu unahitaji lugha moja, na lugha moja inahitaji lahaja moja. Wote wakaelekezwa kwenye kivuko kimoja. Mkutano wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi ulifanyika Mombasa, mjini mwa Kimvita chenyewe. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi Januari 1930, na mwandishi aliyetaka kitabu chake kitumike shuleni alipaswa kupata idhini yake. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa pia mfasiri wa riwaya za Kiingereza. Na kamusi sanifu zilizotoka mwaka 1939, baada ya kifo chake, ndizo zilizoipa lugha hiyo umbo la kushikika mkononi.

Hapo basi pana msemaji, na pana wanaosemewa. Wenyeji wa Mombasa walijikuta wakifafanuliwa kuwa wasemaji wa lahaja, katika lugha ambayo ushairi wake wa mji ulikuwa umekomaa kwa Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, kabla Krapf hajatia nanga. Tahajia ya Kamati haikuwa na nafasi ya tofauti ambazo sikio la Mvita haliwezi kuzikosa, kama ile ya t ya meno na t ya ufizi. Mato yakawa macho, ndia ikawa njia, nti ikawa nchi. Wataalamu kama Mwalimu Sikujua, aliyemsaidia W. E. Taylor kuzikusanya na kuzieleza tungo za Muyaka katika karne ya kumi na tisa, hawakupata katika historia ya usanifishaji nafasi inayolingana na kazi yao. Anayefuata istilahi za Callon kwa ukamilifu angesema mtandao ulitulia: shule zilijengwa, mitihani ikatungwa, magazeti yakachapishwa, na mwaka 1964 urithi wa Kamati ukaingia katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam. Wala haifai kuukana ufanisi huo. Makala haya yenyewe yameandikwa kwa Kiswahili sanifu, na yanasomeka Kisumu na Mbeya kwa sababu hiyo.

Lakini tofauti moja kati ya kisa hiki na kile cha Saint-Brieuc ni kubwa mno kupuuzwa. Inaweza kutolewa hoja kwamba hata hapa matini asilia ni njozi: kwamba Kimvita kama kitu kimoja chenye mipaka ni zao la wanaisimu, na kwamba bila Krapf na Steere kusingekuwa na lahaja mbili za kushindanishwa. Hoja hii ina ukweli kiasi. Kuziorodhesha lahaja kulikuwa tendo la tafsiri. Hata hivyo haifuti tungo. Mashairi ya Muyaka yalikuwepo, kwa hati za Kiarabu na vichwani mwa watu, kabla ya mtu yeyote kuyaita ya lahaja fulani. William Hichens alipoyachapa mwaka 1940 kutoka hazina ya Taylor, mtandao wa usanifishaji ulikuwa na miaka kumi tu, na ushahidi wa kile ulichokiacha nje ukawa rafuni kando yake.

Na watungaji hawakujishikiza wote. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa wa mwaka uliotangulia, alitunga gerezani kwa Kimvita, na diwani yake Sauti ya Dhiki ikachapishwa mwaka 1973. Mwaka 1974 ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Mwanaelimujamii wa mitandao atakiita kitendo hiki uasi wa aliyesajiliwa, sawa na ule wa wavuvi katika mkesha wa Krismasi, na hatakuwa amekosea. Ila mvuvi wa Saint-Brieuc aliacha nyuma yake ghuba tupu na takwimu za watafiti. Mtunzi aliacha beti. Beti hizo zinaweza kuwekwa kando ya kamusi ya mwaka 1939, neno kwa neno, na mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuandika juu ya tafsiri kama mtandao anaweza kuanza hapo, kabla ya hatua ya kwanza kati ya zile nne.